Nani Aliyeizima?

Asilimia 38. Mama anaigeuza simu ili fundi naye aione namba, kisha anagusa alama ya kamera. Skrini inakuwa nyeusi papo hapo, bila onyo wala mlio, kama koroboi iliyopulizwa. "Umeona, mwanangu? Tangu wiki jana ni hivi hivi." Fundi anaichomeka kwenye chaja, wanasubiri kidogo, simu inawaka na kuonyesha asilimia 36 kana kwamba hakuna lililotokea.

Yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la fundi wa simu anaijua picha hii. Mama huyu anaweza kuwa wa Tanga, wa Goma au wa Arua. Hapa tumweke Kithimani, mji mdogo wa Yatta katika kaunti ya Machakos, kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, mahali ambapo jina lenyewe kwa Kikamba lina maana ya kisimani. Na swali analouliza baada ya simu kuwaka tena ndilo linalostahili kufikiriwa kwa utulivu kuliko hata hitilafu yenyewe. "Mwanangu, hii simu imeingiwa na kisirani? Ilianza siku ile nilipomwazima jirani apige."

Fundi akiwa na haraka atacheka. Asicheke. Katika sentensi hiyo moja kuna maswali matatu yaliyofungwa pamoja kama kuni: simu inazimaje, nani aliyeifanya izime, na kwa nini iwe simu yangu, wiki hii, wakati nina haja nayo. Binadamu amehangaika na maswali hayo matatu tangu zamani, na madhara makubwa zaidi hayakutokana na kukosa majibu. Yalitokana na kuyajibu bila kufuata utaratibu, la pili likijibiwa kabla ya la kwanza.

Wala simu si jambo dogo kwa mama huyu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu ndiyo pochi yake, daftari lake la chama, na mlango ambao mtoto aliyeko mbali hupitishia karo ya mdogo wake. Ikizima mbele ya muuza unga, anayeaibika si betri. Mtu aliyeaibishwa hadharani hutafuta mkosaji upesi, na mkosaji mwenye uso na jina huridhisha moyo kuliko kipande cha kemikali kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha.

Aliyeieleza haja hiyo vizuri alizaliwa kaunti ya jirani. John Mbiti, mwanatheolojia wa Mulango, Kitui, aliyezaliwa mwaka 1931, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kikubwa kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kile ambacho wengi wanakikumbuka kwa sababu alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za maelezo yake kuhusu wakati. Ndani yake kuna mfano mfupi wa mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria. Mama huyo, anasema Mbiti, hatatosheka kuambiwa kwamba mbu mwenye vimelea alimuuma mtoto. Atataka kujua kwa nini mbu huyo alimuuma mtoto wake na si wa mwingine.

Ni vizuri kuuangalia mfano huo kwa makini. Mama hakatai kwamba mbu yupo. Anaukubali ugonjwa, anaikubali dawa, halafu anauliza swali ambalo dawa haikuundwa kulijibu. Jibu analolitarajia kwa kawaida ni kwamba kuna mtu aliyemtuma mbu. Kwa Kikamba upo msamiati mzima wa jambo hilo, na neno uoi, yaani uchawi, halitamkwi kwa sauti ya juu hata leo.

Ukambani pia una kisa cha kale kinachoonyesha swali la nani linavyoweza kumgeukia mtu asiyetarajia. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa misafara. Mwaka 1851 alirudi, akiwa na nia ya kuanzisha kituo cha misheni Yatta, na wawili hao wakafunga safari kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kubebea maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani, akaenda hivyo. Hatimaye alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Alipokewa kama mshukiwa. Bwana wa msafara amekufa, mgeni yuko hai: hilo kwao lilihitaji maelezo, na maelezo yalikuwa yamesimama mbele yao na viatu vilivyochanika. Krapf alitoroka usiku, na mpango wa kituo cha Yatta ukafa.

Jamaa hao hawakuwa wajinga. Walijua majambazi ni nini, na mshale unavyoua walijua kuliko Krapf. Walichokuwa wakiuliza ni kwa nini mshale ulimpata huyu ukamwacha yule. Kosa lao ni kwamba walikuwa tayari na mtu kabla ya kuwa na ushahidi.

Mfano maarufu zaidi wa fikra hii umetoka kwa Wazande, watu wanaoishi mpakani mwa Sudan Kusini, kaskazini mashariki mwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliishi kwao miaka ya 1920, na kitabu chake cha mwaka 1937 kikaufanya mfano huo usomwe katika madarasa mengi ya falsafa yanayozungumzia sababu. Maghala ya nafaka ya Wazande ni mazito, yamejengwa juu ya nguzo za miti, na jua likiwa kali watu hukaa chini yake kupumzika kivulini. Siku moja moja ghala huanguka na kuwaumiza walio chini. Kila Mzande anajua mchwa walizila nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya joto. Lakini kwa nini ghala lianguke saa ile ile watu hawa wakiwa chini yake? Kwake mambo hayo mawili yanaunganishwa na uchawi. Wazande waliufananisha uchawi na mkuki wa pili: mwindaji wa kwanza akimchoma mnyama na wa pili akamalizia, wote wawili wamemuua. Mchwa ni mkuki wa kwanza.

Sasa weka kando ya ghala hilo jengo jingine lililoanguka, ambalo waumini wa Kithimani wamelisikia makanisani tangu utotoni. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Yesu anautaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 na kuwaua, na anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: la. Kisha, badala ya kuwapa mkosaji mwingine, anawageuzia swali wao na kuwaambia watubu. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wake wanaona kipofu wa tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hapo pia jibu linakataa machaguo yote mawili.

Mbiti alikuwa kasisi, na mwaka 2014, akiwa na zaidi ya miaka 80, ilitoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeandika kuhusu mama na mbu alilazimika kuketi na mnara wa Siloamu, neno kwa neno, akitafuta namna ya kuwaambia watu wake kwamba kuanguka kwa mnara si hukumu juu ya waliokuwa chini yake. Ni kazi nzito kwa mfasiri yeyote, na kwa yule aliyekuwa ameielewa haja ya mama yule, nzito mara mbili.

Turudi kwa simu, maana swali la kwanza linangoja na lina jibu.

Ile asilimia 38 si kitu ambacho simu inakiona. Ni makadirio. Ndani ya simu kuna kijisehemu kinachohesabu umeme unaoingia kwenye betri na unaotoka, kinaangalia volti, kisha kinakisia kilichobaki kwa kuifananisha betri na ile iliyotoka kiwandani. Betri ikizeeka, kufananisha huko hakushiki tena. Namba iliyo kwenye skrini ni imani ya simu kuhusu betri yake, na imani hiyo inaweza kuwa na makosa huku ikiwa imeandikwa kwa herufi safi kabisa.

Betri yenyewe ni ya lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na ambayo waasisi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ikijaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikishuka kukaribia 3, simu hujizima yenyewe ili isidhurike. Kila mara inapochajiwa na kutumika, na hasa inapopata joto, kemikali za ndani huchoka na ukinzani wa ndani huongezeka. Kompyuta ndogo iliyomo kwenye simu haili umeme sawasawa. Ukisoma ujumbe, inakunywa kidogo. Ukifungua kamera au ukipiga simu mahali penye mtandao dhaifu, inataka mwingi kwa mkupuo.

Mkulima wa Kithimani hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa anaishi na mfano wake. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari, huchukua maji ya mto Thika na kuyaleta mashambani kwa mwendo wa kilomita zipatazo 60. Mfereji ukijaa mchanga na magugu, mtu mmoja akifungua maji yake hakuna tatizo. Wakifungua wengi kwa wakati mmoja, aliye mwishoni anaona mkondo umekauka, ingawa mtoni maji yapo tele. Hajaibiwa mto. Njia ndiyo imeziba. Betri iliyochoka ni mfereji wa namna hiyo: chaji ipo, ila haiwezi kupita kwa wingi unaotakiwa, volti inaporomoka kwa nukta ya sekunde, na simu inazima ikiwa bado na chaji ya kweli kabisa isiyofikika. Ukiichomeka kwenye chaja inawaka na namba karibu ile ile. Hiyo ndiyo dalili kubwa, na mama alikuwa amemwonyesha fundi dalili hiyo bila kujua.

Dalili bado si hukumu. Hapa fundi mzuri na fundi mbaya wanaachana njia.

Fundi mbaya hubadilisha betri, husafisha tundu la chaji, huifulashi simu programu mpya, vyote mchana mmoja. Simu ikitulia, hakuna anayejua kilichoiponya, na mteja amelipia vitatu. Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja tu, kisha hungoja. John Stuart Mill aliiandika kanuni hiyo mwaka 1843 katika kitabu chake cha mantiki: hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio likatokea katika moja tu, basi hicho kimoja kina mkono katika tukio. Mafundi wengi hawajawahi kumsikia Mill. Wanaifuata kanuni yake kwa kuchomoa betri na kulisha bodi ya simu umeme wa volti 4 kutoka kwenye kifaa cha mezani. Wakifungua kamera mara kumi na simu isizime, betri imeshtakiwa kwa ushahidi. Ikizima bado, betri haina hatia, na upelelezi unaendelea.

Na washukiwa wapo wengi. Kitufe cha kuwashia kilichokwama kwa jasho na vumbi huibonyeza simu chenyewe, nayo hujizima na kuwaka mfululizo. Watu wamenunua betri tatu kwa sababu ya kitufe. Tundu la chaji likijaa nyuzi za mfukoni, simu hukesha kwenye waya bila kupata kitu. Programu mbovu huweza kuiangusha simu: kwenye simu nyingi za Android, ukishikilia kidole juu ya neno la kuzima, simu itauliza kama unataka iwake katika hali salama, yaani bila programu ulizoziongeza mwenyewe, na ikikaa siku nzima bila kuzima katika hali hiyo, mkosaji ni mojawapo ya hizo. Maji yaliyoingia mwezi uliopita hula bodi polepole. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari, jua la Yatta likiipiga, hujizima kwa joto, na kufanya hivyo ni busara yake. Kama mfuniko wa nyuma umeinuka, betri imefura. Hiyo haitobolewi wala haibonyezwi irudi, hutolewa na mtu anayejua, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

Katika orodha hiyo yote jirani hayumo. Lakini kumwondoa si rahisi, kwa kuwa mama ana hoja: alimwazima, kisha simu ikaharibika. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa kina zaidi ya miaka 900 iliyopita na mtu ambaye jina lake linaheshimika kuanzia Lamu hadi Muscat. Imamu Ghazali, katika kitabu alichoandika kuwapinga wanafalsafa karibu mwaka 1095, aliuchukua moto na pamba. Tunaona pamba ikiguswa na moto inaungua, alisema, lakini tunachokiona kwa macho ni kuungua kunakotokea pamoja na kuguswa. Kwamba moto ndio uliounguza, hilo hatujaliona. Kinachounganisha viwili hivyo ni Mungu, ambaye ameviweka vifuatane kwa ada. Neno alilolitumia ni hilo hilo ambalo Waswahili wanalo hadi leo, ada, mazoea. Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu karibu karne moja baadaye, akisema kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa na akili, maana kujua kitu ni kujua sababu zake.

Wengi huusoma mjadala huo kana kwamba lazima mmoja ashinde. Kwenye meza ya fundi wote wawili wana kazi. Ghazali anamwambia mama kwamba kufuatana si kusababisha: jirani alishika simu Jumanne, simu ikazima Jumatano, na huo ni ufuatano tu. Anamwambia na fundi hivyo hivyo: simu nyingi ulizozibadilishia betri zilitulia, lakini usiape kwa hii iliyo mkononi kabla ya kuipima. Ibn Rushd naye anawazuia wote wawili wasikate tamaa na kusema ni mapenzi ya Mungu, basi, twende nyumbani. Muumini anayesema Mungu ameiweka dunia kwa ada ana sababu zaidi, si pungufu, ya kuichunguza ada hiyo. Kuipima betri kwa mita si kumpinga Mwenyezi.

Je, swali la nani lifutwe kabisa? Hapana, na kulifuta kungekuwa dhuluma ya aina nyingine, kwa kuwa wakati mwingine nyuma ya simu inayojizima wapo watu kweli.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Apple ilikiri kwamba baadhi ya simu za iPhone 6s zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015 zilikuwa zikijizima ghafla, kwa sababu sehemu ya betri ilikaa hewani kiwandani muda mrefu kupita kiasi kabla ya kuunganishwa. Ikazibadilishia betri bure. Januari 2017 ikatoa toleo jipya la programu, na simu nyingi zenye betri zilizochoka zikaacha kuzima. Ambacho wenye simu hawakuelezwa wazi ni namna hilo lilivyofanyika: programu ilikuwa ikipunguza kasi ya simu ili isivute umeme mwingi kwa mkupuo. Watu waliziona simu zao zikizeeka wakanunua nyingine. Desemba 2017, baada ya mtaalamu mmoja wa kupima kasi kuchapisha takwimu zake, kampuni ilikiri, ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja Marekani. Hapo jibu la nani lilipatikana. Lakini angalia lilivyopatikana: kwa kupima simu nyingi, betri mpya na betri kuukuu, mpaka tofauti ikaonekana kwenye karatasi. Swali la kwanza lilijibiwa kwanza.

Kenya nayo ina usiku wake wa kukumbuka. Septemba 30, 2012, saa sita usiku, Tume ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zikate mawasiliano ya simu bandia, zile zisizo na namba halali ya utambulisho, namba ya tarakimu 15 ambayo mtu huiona akibonyeza *#06#. Simu zaidi ya milioni moja zikawa hazina laini. Kwa aliyeamka siku iliyofuata hajui tangazo hilo, simu yake ilikuwa imekufa mikononi bila kuanguka, bila kulowa, bila kuguswa na mtu. Angeweza kumtaja jirani yeyote. Sababu ilikuwa Nairobi, imeandikwa na kutangazwa, na nyuma yake alikuwepo muuzaji aliyemuuzia bidhaa bandia akijua. Mtu wa kulaumiwa alikuwepo, ila hakuwa yule ambaye moyo ungemchagua.

Gharama ya kumchagua kwa moyo inajulikana, na haikuishia kwenye maneno ya kibandani. Mei 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa baada ya kusingiziwa uchawi. Oktoba 2021, huko huko Kisii, eneo la Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa madai ya aina hiyo. Waliouawa hawakupewa nafasi ya kuuliza ushahidi uko wapi. Mambo hayo huanza na jambo la kawaida lililoharibika, mtoto aliyeugua, ng'ombe aliyekufa, biashara iliyodorora, na sentensi moja inayoanza na "tangu siku ile fulani alipo…"

Sheria ya Kenya inaijua sentensi hiyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, pamoja na mapungufu yake ya kikoloni, inafanya kuwa kosa mtu kumtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kithimani ni mji wenye mahakama yake. Kila siku ya kazi watu husimama mbele ya hakimu na kupewa vitu ambavyo jirani wa mama hakuwahi kupewa: shahidi, kielelezo, nafasi ya kujieleza.

Linabaki swali la tatu, lile la mama wa Mbiti. Kwa nini mimi, kwa nini sasa? Mita ya fundi haina jibu lake, na fundi asijifanye analo. Betri yake ilichoka wiki ile kwa sababu betri huchoka baada ya chaji mia kadhaa, na hizo mia kadhaa zilitimia wiki ile. Kama ilikuwa wiki ya msiba, ya kutafuta karo, ya kungoja simu ya mtoto, uzito wake ni wa kweli na mahali pake ni kwenye maombi, kwa mchungaji, kwa shehe, kwa dada anayejua kusikiliza. Dini ina maneno kwa ajili ya uzito huo. Inachokosea, kila inapokosea, ni kuutua uzito huo kichwani mwa mtu wa tatu ambaye hata hajui kwamba ametajwa.

Fundi wa Kithimani anachomoa betri ya zamani. Imefura kidogo pembeni, kiasi cha kuhisiwa kwa kidole gumba. Anaweka mpya, anamrudishia mama simu. "Fungua kamera, Mwaitu," anasema, yaani mama kwa Kikamba. Inafunguka. Mama anaifunga, anaifungua tena, anapiga picha ya barabara na lori linalopita, anapiga simu huku kamera ikiwa wazi. Haizimi. Analipa, anamshukuru kijana, anaondoka akiwa ameridhika, na jirani hatajwi tena.

Basi wewe unayesoma haya ukiwa na simu inayojizima mfukoni, kwa siku tatu andika mahali kila inapozima: ilikuwa asilimia ngapi, ulikuwa ukifanya nini, ilikuwa ya moto au baridi, na ilipowaka ilionyesha namba gani. Mpelekee fundi karatasi hiyo, na mwambie abadilishe kitu kimoja kwa wakati. Na kama katika siku hizo umekwisha kumtajia mtu jina la jirani yako, rudi kwa uliyemtajia ukalifute.